Mswaki, koleo na chuma cha kukwangulia: historia ya kuondoa ugaga wa meno Karagwe

Ugaga ni utando wa meno uliogeuka kuwa mgumu kama jiwe. Huanza ukiwa laini. Saa chache baada ya meno kusafishwa, vijidudu vya kinywani hunata juu yake pamoja na ute wa mate, na taratibu hufanyika utando mweupe ambao ukucha unaweza kuukwangua. Utando huo ukiachwa, madini ya kalsiamu na fosfeti yaliyomo katika mate huuingia na kuugandisha. Kwa baadhi ya watu ugumu huanza siku hiyo hiyo. Katika siku mbili nusu ya utando inaweza kuwa imekwisha kuingiwa na madini, na baada ya wiki mbili hivi unakuwa gamba ambalo asilimia 70 hadi 90 yake ni madini. Wengi huliita ukoga, neno linalotumika pia kwa ule utando laini.

Gamba hili halitapakai ovyo kinywani. Hupenda nyuma ya meno ya mbele ya chini, upande wa ulimi, na mashavuni mwa magego ya juu, kwa kuwa hapo ndipo mifereji ya tezi kubwa za mate inapomwagia. Mtu anayetafuna upande mmoja tu, labda kwa sababu ya jino bovu, hukuta ugaga umejaa upande asioutumia. Ugaga wa juu ya ufizi huwa wa rangi ya manjano au maziwa, lakini tumbaku na kahawa huufanya kuwa wa hudhurungi. Uliojificha chini ya ufizi huwa mweusi na mgumu zaidi, nao hupata madini yake kutoka katika majimaji ya ufizi wenyewe.

Ubaya wake mkubwa ni kwamba uso wake una mikwaruzo, hivyo utando mpya hupata mahali pa kushika. Vijidudu vya utando huo ndivyo vinavyowasha ufizi hadi ukavimba na kutoa damu, na kwa watu wengine uvimbe hushuka hadi kwenye mfupa unaoshikilia jino. Kwa hiyo kuna kazi mbili tofauti: kuondoa utando kila siku kabla haujaganda, na kukwangua ugaga uliokwisha kuganda. Huko Karagwe, kaskazini-magharibi mwa Tanzania, kazi ya kwanza ina umri mrefu. Ya pili imeingia majuzi tu, tena kwa kuchelewa kuliko kazi ya tatu ambayo ni kung'oa.

Kabla ya maduka

Kuchokoa meno ni tabia ya kale mno katika Afrika Mashariki. Katika bonde la Olduvai, kaskazini mwa Tanzania, jino la binadamu wa kale lililopewa namba OH 60, lenye umri wa karibu miaka milioni 1.8, lina mfereji mdogo ubavuni wa aina inayoachwa na kijiti kilichopitishwa mara nyingi kati ya meno.

Ufalme wa Karagwe, ambao ardhi yake leo imegawanyika hasa kati ya wilaya ya Karagwe, yenye kata ya Rugu, na wilaya ya Kyerwa iliyoanzishwa mwaka 2012, uliandikwa kwa mara ya kwanza na wageni wa Ulaya mwaka 1861. Mwaka huo John Hanning Speke na James Grant walipokewa na mfalme Rumanyika. Waliikuta jamii yenye namna mbili za kula. Wafugaji na watu wa ikulu waliishi zaidi kwa maziwa. Wakulima walitegemea ndizi, maharage na mtama. Ndizi iliyopikwa ni chakula laini kinachonata, na maziwa hayasugui kitu, hivyo jino halikupata msaada mkubwa kutoka kwenye chakula. Muwa, ambao hadi leo wapo wanaouamini kuwa husafisha meno, hupangusa ncha na uso wa mbele lakini hauifikii mistari ya ufizi, na sukari yake hubaki kinywani kuwalisha wale wale vijidudu.

Vitu viwili viliyatia meno rangi. Kimoja ni buni. Magharibi mwa Ziwa Viktoria buni nzima ilichemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri, ikakaushwa, kisha ikatafunwa na kupewa mgeni kama heshima ya nyumba, karne nyingi kabla kahawa haijawa zao la biashara. Kingine ni tumbaku ya kiko. Rangi hizi hushika kwa urahisi zaidi juu ya ugaga kuliko juu ya jino tupu.

Chombo cha kusafishia kilikuwa mti. Mswaki unaojulikana zaidi pwani na katika nchi kavu za Kenya na Tanzania hutokana na mti wa *Salvadora persica*, lakini mti huo ni wa ukame na hauoti katika vilima vyenye mvua vya Karagwe. Huko, kama sehemu nyingi za Afrika Mashariki, kilichofaa ni vijiti vya vichaka vilivyo karibu. Miti ya jamii ya *Rhus* na ya *Euclea*, ambayo hukatwa kwa kazi hiyo katika nchi nyingi za ukanda huu, huota pia katika mbuga na vilima vya kati ya Ziwa Viktoria na mto Kagera.

Mswaki wa mti hutengenezwa kwa muda mfupi. Hukatwa kijiti kibichi chenye unene wa kidole cha mwisho na urefu wa shubiri moja. Gamba la ncha huambuliwa, kisha ncha hutafunwa polepole hadi nyuzi zitengane na kuwa kama brashi. Utomvu wake mchungu huleta mate mengi. Nyuzi hupitishwa juu ya meno kwa kupanda na kushuka, na zikilegea au kuchakaa, ncha hukatwa na nyingine hutafunwa. Watu wengi hutembea nao kinywani asubuhi wakielekea shambani au kisimani, na muda huo mrefu ndio unaofidia upungufu wa chombo chenyewe.

Upungufu wake upo, nao unahusu ugaga moja kwa moja. Nyuzi za kijiti hufuata urefu wa mpini, tofauti na brashi ya dukani ambayo nywele zake zimesimama wima. Kijiti husugua vizuri uso wa nje wa meno ya mbele, lakini ni taabu kukifikisha nyuma ya meno ya chini na ndani ya magego. Mtu anaweza kuwa na meno yanayong'aa anapocheka, huku nyuma yake kukiwa na ukuta wa ugaga. Hata hivyo anayekitumia kwa makini na kuyafikia maficho hayo huyasafisha meno vya kutosha, na tangu miaka ya 1980 Shirika la Afya Duniani limeunga mkono matumizi yake mahali ambapo watu wamekizoea.

Mkaa uliosagwa, majivu na chumvi vilisaidia. Chumvi ya ziwa Katwe, kaskazini-magharibi ya Karagwe, ilizunguka katika masoko ya falme za Maziwa Makuu, lakini ilikuwa bidhaa ya thamani iliyotangulia chunguni. Katika karne ya 19 njia ya biashara kutoka Unyanyembe (Tabora ya leo) ilileta pia wafanyabiashara wa Kiarabu na Kiswahili waliopiga kambi Kafuro, karibu na makao ya mfalme. Kwa Waislamu hao mswaki ni sunna, hasa kabla ya sala, na hivyo kusafisha kinywa mara kadhaa kwa siku kulikuwa sehemu ya ibada.

Chuma cha kukwangulia kwingineko

Wakati mti ukitawala katika kuzuia, ufundi wa kuondoa ugaga ulikuwa ukikua mbali. Karibu na mwaka 1000, tabibu al-Zahrawi wa Córdoba, Hispania ya Kiislamu, alieleza katika kitabu chake cha utabibu seti ya vyuma vya kukwangulia meno na kuchora umbo la kila kimoja. Aliagiza mgonjwa akalishwe mbele ya tabibu, na jino likwanguliwe hata kwa siku kadhaa hadi liwe safi.

Mwaka 1683 Mholanzi Antonie van Leeuwenhoek aliandikia Royal Society ya London kuhusu meno yake mwenyewe. Alikuwa akiyasugua kwa chumvi kila asubuhi, akiyachokoa na kuyapangusa kwa kitambaa, na bado alipata kati yake kitu cheupe kama uji mzito. Alipokitazama kwa darubini aliona viumbe vidogo vikitembea. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza utando wa meno kuonekana kwa undani huo, ingawa uhusiano wake na magonjwa ulisubiri karne mbili zaidi.

Mfaransa Pierre Fauchard, katika kitabu chake cha mwaka 1728, alieleza vyuma vitano vya kuondolea ugaga. Mwaka 1876 Mmarekani John Riggs alifundisha kwamba fizi zinazolegea hupona ukikwangua hadi chini ya ufizi. Katika miaka ya 1950 ikaja mashine inayotetemesha ncha ya chuma zaidi ya mara 20,000 kwa sekunde huku maji yakitiririka, na ugaga ukavunjika bila nguvu kubwa ya mkono. Ushahidi wa wazi kuhusu utando ulitoka Denmark mwaka 1965: Harald Löe na wenzake waliwaomba watu 12 wenye fizi nzima waache kusafisha meno. Fizi za wote ziliwaka ndani ya siku 10 hadi 21, kisha zikapona waliporudia kusafisha.

Koleo linatangulia

Ukoloni wa Kijerumani, na baadaye wa Kiingereza, uliikuta Karagwe ikiwa mbali na bandari na reli. Daktari wa meno alikuwa mtu wa mji mkubwa, na huduma yake ililenga kwanza Wazungu na watumishi wa serikali. Vijijini tiba ya kizungu ilifika kupitia misheni. Walutheri walikuwa na kituo Nyakahanga, ambacho baadaye kikawa hospitali, na Wakatoliki walijenga vituo ambavyo hatimaye vilizaa hospitali kama za Nyakaiga na Isingiro. Katika vituo kama hivyo jino lililouma lilikuwa na tiba moja: kung'olewa na muuguzi au tabibu aliyefundishwa kazi nyingi, na aliyekuwa na koleo.

Koleo lilishinda kwa sababu za kazi yenyewe. Kung'oa huchukua dakika chache, hutaka ganzi na vyombo vichache, na mgonjwa huondoka maumivu yakiwa yamekatika. Kukwangua ugaga hutaka mwanga mzuri, vyuma vyenye makali, maji, na nusu saa au zaidi kwa mtu mmoja, tena mtu ambaye kwa kawaida haumwi chochote. Katika zahanati yenye foleni, kazi ya namna hiyo haikuwa na nafasi.

Shule za misheni na za serikali zilichukua upande wa kuzuia. Mwanafunzi alikaguliwa kucha, nywele, nguo na meno kwenye paredi ya asubuhi, na asiye safi alirudishwa. Ukaguzi huu uliwajengea watoto wengi mazoea ya kupiga mswaki, lakini ulitazama uso wa mbele tu, ule ule ambao kijiti kilikuwa kimekwisha kuusafisha.

Baada ya uhuru Tanganyika, kisha Tanzania, iliendelea kutegemea madaktari wa meno waliosomeshwa nje. Mafunzo ya shahada ya udaktari wa meno yalianza Muhimbili, Dar es Salaam, mwaka 1979, chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Leo ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili. Kwa ajili ya wilaya walifundishwa matabibu wa meno, kwa mfano katika vyuo vya Tanga na Mbeya. Ndio waliofika katika hospitali za wilaya na vituo vya afya. Kazi yao ilijumuisha elimu, kuziba na kusafisha meno, lakini wagonjwa waliofika mlangoni walikuwa wamechelewa, na kung'oa kukaendelea kuwa sehemu kubwa ya siku.

Ugaga unahesabiwa

Mwaka 1982 kilianza kutumika kimataifa kipimo cha kuhesabu mahitaji ya tiba ya fizi. Mpimaji aliingiza chuma chembamba chenye ncha ya duara kando ya ufizi, akaandika 0 kama kila kitu ni kizima, 1 kwa damu, 2 kwa ugaga, na 3 au 4 kwa mfuko uliozama kati ya ufizi na jino. Kilipopelekwa Afrika Mashariki, karibu kila mtu mzima alionekana ana ugaga. Kwa mantiki ya kipimo hicho, karibu watu wazima wote walipaswa kulazwa kwenye kiti na kukwanguliwa. Mwaka 1986 Firoze Manji na Aubrey Sheiham walionyesha, kwa takwimu za watoto wa Kenya, jinsi hesabu hiyo ilivyodai idadi ya wahudumu isiyowezekana.

Utafiti uliofuata ulibadili swali. Vibeke Baelum, Ole Fejerskov na wenzao waliwapima watu wazima wa Tanzania, na matokeo yakachapishwa mwaka 1986. Kisha wakapima zaidi ya watu 1,000 katika wilaya ya Machakos, Kenya. Utando na ugaga vilikuwa vingi sana, na fizi zilitoa damu. Hata hivyo mifuko mirefu ilikuwa kwenye sehemu chache za meno, uharibifu mkubwa ulikusanyika kwa watu wachache, na wengi walizeeka wakiwa na meno yao mengi. Sri Lanka, Löe aliwafuatilia kwa miaka 15 wafanyakazi 480 wa mashamba ya chai ambao hawakuwa na desturi ya kusafisha meno. Wote walikuwa na utando na ugaga tele, lakini ni asilimia 8 hivi walioharibikiwa kwa kasi. Asilimia 81 waliharibikiwa kwa kasi ya wastani, na asilimia 11 hawakupita hatua ya uvimbe wa fizi.

Funzo lilikuwa la pande mbili. Ugaga si hukumu ya kupoteza meno, kwa hiyo si lazima nchi ijaze vijiji mashine ili kila gamba liondolewe. Lakini wale wachache wanaoharibikiwa haraka hawatambuliki kwa macho, na kinga yao na ya wengine wote ni ile ile: kuondoa utando kila siku. Mipango ya afya ya kinywa ya Tanzania tangu miaka ya 1980 imeegemea elimu na kinga kwa wote, na tiba kwa wenye dalili.

Brashi na dawa ya mswaki

Brashi yenye nywele za nailoni ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1938, na baada ya Vita Kuu ya Pili ikaenea duniani. Ilifika Karagwe kupitia wenye maduka wa mji wa Bukoba na wa masoko madogo. Katika uhaba wa bidhaa wa mwanzoni mwa miaka ya 1980, sabuni na dawa ya meno vilikuwa vigumu kupatikana, na mti na chumvi vikarudi nyumba nyingi. Biashara ilipofunguliwa katikati ya muongo huo, rafu zilijaa tena. Dawa ya mswaki ya Whitedent, inayotengenezwa Dar es Salaam na Chemi & Cotex, ilisaidia kuifanya dawa ya meno kuwa bidhaa ya duka la kijijini badala ya anasa ya mjini.

Katika miaka hiyo hiyo ya 1980 viwanda vikubwa vilianza kutia pirofosfeti au chumvi za zinki katika dawa za kuzuia ugaga. Kemikali hizi huchelewesha madini ya mate yasigande juu ya jino safi. Haziyeyushi ugaga uliopo, na hakuna dawa ya dukani inayofanya hivyo. Kitu chenye uwezo wa kuyeyusha ugaga huyeyusha na jino pia, kwa kuwa vyote viwili vimejengwa kwa madini ya jamii moja. Ndiyo maana kusugua kwa limau, kunakopendekezwa sana mitaani, humomonyoa ngozi ya jino na kuacha ugaga. Mchanga na unga wa matofali hukwaruza, na mkaa uliosagwa vibaya hufanya vivyo hivyo.

Kazi ya kukwangua ilivyo leo

Barabara ya lami kutoka Kyaka hadi Bugene imefupisha safari ya Karagwe, lakini kwa mkazi wa Rugu kusafishwa meno bado ni safari ya kwenda kwenye hospitali au kituo chenye tabibu wa meno. Anapolala kitini, tabibu hutazama kwa kioo kidogo na kupima ufizi. Kwa mkono hutumia chuma chenye ncha iliyopinda: huipitisha chini ya ukingo wa gamba, hukaza kidole kingine kwenye jino la jirani ili mkono usiteleze, kisha huvuta kuelekea juu. Gamba la nyuma ya meno ya chini mara nyingi hutoka vipande vipande kama ganda la yai. Penye mashine, ncha inayotetemeka huguswa kwa wepesi na maji huosha mabaki. Mwisho jino hung'arishwa, maana uso laini hushikwa polepole na utando mpya.

Wagonjwa wengi huogopa matokeo matatu. Meno huhisi baridi kwa siku kadhaa, kwa sababu sehemu zilizofunikwa na gamba zimekutana na hewa na maji. Mianya huonekana kati ya meno. Ilikuwepo, ila ugaga ulikuwa umeijaza. Na jino lililokwisha kulegea huonekana kulegea zaidi, kwa kuwa gamba lilikuwa limeliegemeza kwa majirani zake. Hakuna jino lililochongwa wala kung'olewa mzizi. Baada ya wiki chache fizi hukaza na damu hukoma, mradi usafi wa kila siku uendelee.

Kuzuia ugaga usirudi kunategemea mambo machache. Meno hupigwa mswaki mara mbili kwa siku, dakika mbili kila mara, kwa dawa yenye floraidi. Brashi laini huinamishwa kuelekea ukingo wa ufizi na kusogezwa kwa mwendo mfupi bila kukandamiza. Kwa meno ya mbele ya chini, brashi husimamishwa wima na kupitishwa nyuma kwa ncha yake. Anayetumia kijiti hukipinda ncha ili ifike hapo hapo. Kati ya meno hupitishwa uzi au kijiti chembamba kisicho na makali. Kuacha tumbaku hupunguza ugaga na hupunguza zaidi uharibifu wa mfupa, kwani moshi huficha damu ya fizi huku ugonjwa ukiendelea. Mwenye kisukari hutakiwa kuangaliwa fizi mara kwa mara, maana kwake uharibifu huwa wa haraka. Wa kwenda kwa tabibu mapema ni mwenye fizi zinazotoa damu kila anapopiga mswaki, harufu isiyoisha, au meno yanayosogea. Kwa wengine ukaguzi wa mwaka mmoja hadi miwili, pale huduma inapofikika, hutosha.